Kwanza Shika, Ndipo Ukate

Haya ni maneno tuliyozungumza na vikundi vya useremala na jua kali vilivyotutembelea karakanani. Wengi waliomba yaandikwe ili wenzao waliobaki nyumbani nao wayapate. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.

Sogeeni mbele kidogo, maana leo tutaonyeshana kitu kidogo na aliye mbali hatakiona.

Leo hatutazungumza juu ya mikopo wala juu ya katiba ya kikundi. Tutazungumza juu ya kipande cha chuma ambacho kinaingia kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Hiki hapa. Kipitisheni mkono kwa mkono mkitazame. Kinaitwa koleti. Kazi yake ni moja tu: kushika. Kinashika biti inayokata, au kinashika chuma kinachokatwa. Hakikati, hakizunguki chenyewe, hakina moto wala umeme. Ndiyo sababu tulikidharau. Na kwa kukidharau tulimkosea mtu, na karibu tuue mtu. Afadhali tuanze na habari hiyo.

Yaliyotupata

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilipata kazi ya kutengeneza milango 12 ya shule ya watoto wadogo. Kwetu sisi hiyo ilikuwa kazi kubwa. Tulikuwa tumenunua ruta iliyotumika, ile mashine ya mkononi ambayo seremala huitumia kuchimba mifereji na kupamba kingo za mbao. Motoni mwake kulikuwa na koleti moja. Biti tulinunua dukani, mpya, zinang'aa. Tulijaribu moja, ikaingia, tukakaza nati kwa spana, ikakazika. Tukasema, haya, kazi ianze.

Kijana wetu mmoja ndiye aliyepewa ruta, kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko mikono yetu. Siku ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Siku ya tatu tukaona mfereji ambao ungekuwa na kina cha milimita 8 kutoka mwanzo hadi mwisho unaanza na milimita 8 na kuishia milimita 13. Fremu mbili za saiprasi zikaharibika. Mbao zile zilikuwa zimenunuliwa kwa pesa za mfuko wa kikundi, na wenye shule walikuwa wanangoja.

Kamati ikakaa. Tulimwuliza, "Kwa nini hukukaza kipimo cha kina?"

Akasema, "Nilikaza, wazee wangu. Nilikaza kabisa."

"Ungekuwa umekaza, mfereji ungezama?"

Hakujibu. Angejibu nini? Tukaandika kwenye kitabu kwamba ni uzembe, tukamkata shilingi 3,000. Wiki iliyofuata hakuja kazini.

Basi mmoja wetu, fundi wa miaka mingi, akaichukua ruta mwenyewe amalize kazi. Akaweka ile biti, akaikaza kwa nguvu zake zote, akaanza. Kabla ya kufika nusu ya ubao, biti ilichomoka. Ilipiga ukuta wa mabati ikautoboa, ikatokea upande wa pili. Tundu lile lilikuwa kwenye kimo cha kifua cha mtu. Hapo ndipo msaidizi husimama kupokea ubao. Siku hiyo hapakuwa na msaidizi. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa nyumbani kwao, kwa sababu sisi tulikuwa tumemwita mzembe.

Tulizima umeme, tukakaa kimya kwa muda. Halafu mzee mmoja akaleta kalipa. Tukapima shina la biti: milimita 12 kamili. Tukasoma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye koleti, ambayo hakuna aliyekuwa ameyasoma tangu tununue mashine: nusu inchi. Na nusu inchi, ndugu zetu, ni milimita 12.7. Tofauti ni milimita 0.7 tu. Hiyo ndiyo iliyoharibu fremu mbili na kuvunja moyo wa kijana.

Mtauliza, kama tofauti ilikuwepo, mbona nati ilikazika? Swali zuri. Ili kulijibu, tuone jinsi koleti inavyofanya kazi.

Jinsi koleti inavyoshika

Ninyi wa miradi ya maji mnaijua tayari, ila hamkujua kwamba mnaijua. Mmeunganisha mabomba meusi ya plastiki, sivyo? Fungueni kile kiungo. Ndani mtakuta mpira, na pamoja nao pete ya plastiki iliyopasuliwa upande mmoja. Kwa ndani pete ina meno ya kuuma bomba. Kwa nje imechongoka, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Nati nayo kwa ndani ni kama faneli. Unapoikaza, faneli inaipanda ile pete. Pete haina pa kwenda ila kujifunga, na kwa kuwa imepasuliwa inaweza kujifunga. Inalibana bomba pande zote, na maji hayalisukumi nje.

Koleti ni hivyo hivyo, ila imetengenezwa kwa chuma cha springi na kwa vipimo vikali zaidi. Tazameni hii: katikati kuna tundu lililonyooka, nje imechongoka kama faneli, na ubavuni imepasuliwa mara kadhaa. Inakaa ndani ya tundu la mashine ambalo nalo limechongoka vilevile. Ukiisukuma au kuivuta ndani, ile mipasuo inafungana na tundu linapungua. Ukiilegeza, springi yake inaifungua.

Hii ni kabari. Mpini wa shoka ukilegea, unapiga kabari kichwani, inasukuma kutoka ndani kwenda nje. Koleti ni kabari iliyozungushwa duara, inayobana kutoka nje kwenda ndani. Na kabari, kama mnavyojua, huongeza nguvu ya mkono. Kuna koleti zinazotumika sana siku hizi duniani, zinaitwa ER. Zilibuniwa na kampuni ya Uswisi iitwayo Rego-Fix mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ubavu wake umechongoka kwa nyuzi 8 kila upande. Hiyo maana yake ni kwamba ukiisukuma ndani milimita 1, tundu lake linapungua takriban milimita 0.28. Safari ndefu ya nati inakuwa safari fupi ya kubana, na mzunguko mdogo wa spana unakuwa mbano mkubwa.

Sasa turudi kwenye ruta yetu. Koleti ya ruta imetengenezewa kipimo kimoja. Inafungana kidogo tu, basi. Sisi tulipoweka shina la milimita 12 kwenye tundu la milimita 12.7, tulikaza mpaka koleti ikawa imefika mwisho wa safari yake. Mkono ulisikia ugumu, ukadhani ni ugumu wa kushika. Haukuwa. Koleti ilikuwa imeligusa shina sehemu chache tu, mdomoni zaidi. Kila meno ya biti yalipouma mbao, shina liliteleza nywele moja, na nywele nyingine, likashuka polepole. Ndiyo maana mfereji ulizidi kuzama. Kijana alikuwa amekaza kipimo cha kina kama alivyosema. Biti ndiyo iliyokuwa inatambaa kutoka nje, naye hakuwa na njia ya kuiona.

Na kumbukeni kasi yake. Ruta huzunguka mara 10,000 hadi zaidi ya 20,000 kwa dakika moja. Kitu kikichomoka kwa kasi hiyo hakikupi nafasi ya kuinama.

Kwa nini si vidole vitatu?

Mmoja wenu aliuliza asubuhi, "Kwa nini tusitumie chaki tu?" Hatusemi chaki ya mwalimu. Tunasema ile ya mashine, yenye meno matatu yanayofungwa kwa ufunguo, kama ya drili.

Chaki ni nzuri. Inashika chembamba na kinene, na kwa mtu mwenye pesa kidogo chaki moja inafanya kazi ya koleti nyingi. Hatuitukani. Lakini inashika kwa vidole vitatu. Shikeni muwa kwa vidole vitatu, halafu mshike kwa kiganja kizima, mwenzako auvute. Mtaona tofauti. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Koleti nyingi za ER zina mipasuo 16, nane kutoka mbele na nane kutoka nyuma, ili zifungane sawasawa mwili mzima. Zinashika kama kiganja.

Kutokana na hilo tunapata faida tatu.

Faida ya kwanza ni kukaa katikati. Chaki ya meno matatu iliyotumika muda mrefu huweza kukipeleka chuma kando kwa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Koleti nzuri iliyo safi hukosea kwa sehemu chache za mia. Mtasema, "Hizo ni hesabu za wazungu, unywele tu!" Lakini biti yenye meno mawili ikikaa kando kwa unywele, jino moja linakata na jingine linapita hewani. Linalokata linachoka, linapata moto, linavunjika. Pesa za biti ni pesa za kikundi.

Faida ya pili ni kutoumiza. Bomba jembamba ukilifunga kwenye meno matatu linabonyea pembe tatu. Shafti iliyokwisha kung'arishwa inapata makovu. Koleti inabana pande zote, basi hakuna mahali panapobonyea peke yake.

Faida ya tatu ni kuvumilia kusukumwa ubavuni. Chaki ya drili imetengenezewa kusukumwa kwenda mbele, kutoboa tundu. Ukitumia drili kuchonga kwa ubavu, mtikisiko unaweza kulegeza meno, na chaki yenyewe inaweza kuanguka kutoka kwenye shina lake. Tumewaona mafundi wakifanya hivyo kwa kukosa mashine. Tunawaomba, acheni. Biti ya kuchonga ubavuni ishikwe na koleti.

Koleti inayoshika kazi

Mpaka hapa tumesema juu ya koleti inayoshika biti. Upande wa kerezo, ambayo wengine mnaiita lethi, koleti hushika kazi yenyewe, yaani chuma kinachokerezwa.

Chukueni mfano wa bushi ndogo za shaba za baiskeli ya mlemavu. Kikundi kimeagizwa bushi 40. Ukitumia chaki, kila bushi unaifunga, unaipima, unagonga kidogo, unapima tena. Na ukiigeuza ili kumaliza upande wa pili, haitarudi katikati ileile. Tundu na ubavu havitakuwa na kitovu kimoja. Bushi ya namna hiyo inaua beringi, na gurudumu linayumba.

Ukitumia koleti, fito ndefu ya shaba inapita ndani ya mhimili wa mashine ulio wazi katikati, na koleti inaishika mdomoni. Unakereza, unatoboa, unakata kipande, unalegeza, unavuta fito mbele, unakaza, unaanza tena. Kuna aina iitwayo 5C inayojulikana sana kwenye kerezo za Marekani. Yenyewe ina mipasuo mitatu na huvutwa kutoka nyuma kwa bomba lenye hesi. Inashika fito hadi kama milimita 27. Lakini 5C haitaki ubishi. Fito iwe ya kipimo chake hasa, ikipungua au kuzidi kama sehemu ya kumi ya milimita, mshiko unaharibika.

Kwa hivyo tuseme ukweli. Koleti si dawa ya kila kitu. Shafti nene ya kinu cha posho haitaingia humo. Nondo ya ujenzi msiiweke kabisa kwenye koleti, kwa sababu ina vinundu na haina kipimo kimoja. Itaharibu koleti mara moja. Chuma chenye kutu, kilichopinda au kilichochomelewa, kipelekwe kwenye chaki. Koleti inataka fito safi, mviringo na iliyonyooka. Kikundi kinachofanya kazi kwa vyuma chakavu peke yake kinunue chaki nzuri kwanza, koleti zifuate pole pole.

Mambo saba ya kushika

Haya sasa, andikeni. Mama Katibu, tutakwenda taratibu.

1. Soma namba kabla ya kuweka. Inchi na milimita si ndugu. Robo inchi ni milimita 6.35, usiitie kwenye koleti ya milimita 6 wala ya milimita 8. Nusu inchi ni milimita 12.7, si 12, na si 13. Kama maandishi yamefutika, pima kwa kalipa. Kama huna kalipa, nenda na koleti yako dukani, usinunue biti kwa kukisia.

2. Usafi. Unga wa mbao na vipande vya chuma vikiingia kati ya koleti na faneli yake, koleti inakaa upande. Kila unapobadilisha biti, toa koleti, ipulize, ifute kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Safisha tundu la mashine pia. Usipake grisi ndani ya tundu linaloshika shina. Mahali pa kushika pawe pakavu.

3. Shina liingie la kutosha, lakini lisigote chini. Ingiza shina la biti ya ruta mpaka liguse chini, halafu lirudishe nje kama milimita 2 au 3. Koleti ikikazwa huvuta shina kwenda ndani. Likiwa limegota, halivutiki, na mshiko unakuwa wa uongo. Wala usiliache nje sana ili upate urefu. Shina lijaze koleti yote au karibu yote.

4. Usikaze nati bila kitu ndani. Koleti ikifungwa ikiwa tupu hubonyea kupita springi yake, na hairudi. Wengi huifunga ili isipotee. Ni kuiharibu. Iweke kwenye boksi.

5. Kwa koleti za ER, kwanza nati, ndipo mashine. Ndani ya nati kuna ukingo uliokaa upande mmoja unaoingia kwenye mfereji wa koleti. Inamisha koleti, isukume ndani ya nati mpaka usikie "tak!" Ndipo uweke shina la biti na kufunga nati kwenye mashine. Anayeitumbukiza koleti kwenye mashine peke yake na kufuatisha nati, anaivunja midomo, na siku ya kuitoa ataigonga kwa nyundo. Na kumbukeni, koleti nyingi za ER hufungana milimita 1 tu. Iliyoandikwa 10–9 inashika 10 hadi 9. Biti ya milimita 10 iwekwe kwenye hiyo, si kwenye 11–10 kwa kuibana mpaka mwisho.

6. Tazama alama. Ukitoa biti na kukuta pete nyeusi au mikwaruzo ya kuzunguka kwenye shina, hiyo ni barua. Inakwambia: niliteleza. Usiendelee. Safisha, pima, na kama bado, badilisha koleti. Koleti huchakaa kama tairi inavyochakaa. Mdomo ukipanuka au ikipata ufa, haina dawa ya kuchomelea. Tupa.

7. Chomoa umeme. Kubonyeza swichi peke yake hakutoshi. Toa plagi, uione kwa macho, ndipo upeleke vidole kwenye nati. Na ukiwasha, vaa miwani ya kukinga macho, na usisimame mbele ya biti. Spana isiachwe kwenye nati hata kwa sekunde moja.

Kwa wale wanaotaka kununua mashine

Tunajua vikundi viwili vilivyo hapa vinachanga pesa za mashine iliyotumika. Tunawapa hongera. Lakini tumeona kamati zikifika sokoni, zinauliza juu ya mota: ina nguvu gani, inanguruma vipi, rangi yake ni nzuri. Hakuna anayeuliza inashika kwa nini. Mota yenye nguvu na mshiko mbovu ni ng'ombe mkali aliyefungwa kwa uzi.

Mkifika, mwambieni mwenye mashine atoe koleti. Akisita, jiulizeni kwa nini. Itazameni kwenye mwanga: mipasuo iwe sawa upana wake, ndani kusiwe na mikwaruzo, nje kusiwe na kutu iliyokula. Pitisheni kidole kwenye tundu la mashine. Mkisikia mabonyeo, fahamuni kwamba koleti mpya haitaponya hilo.

Halafu fanyeni jaribio hili. Umeme ukiwa umechomolewa, fungeni fito fupi iliyonyooka kwenye koleti. Ishikeni penseli pembeni, iguse fito kidogo sana, na mtu mwingine azungushe mhimili kwa mkono. Alama ya penseli ikizunguka fito yote, fito imekaa katikati. Ikigusa upande mmoja tu, imekaa kando. Legezeni, zungusheni fito nusu, kazeni, mjaribu tena. Alama ikihamia upande mwingine wa fito, kosa liko kwenye mashine au koleti. Ikibaki palepale kwenye fito, huenda fito yenyewe imepinda. Jaribio hili halina gharama.

Na ulizeni jambo moja zaidi: je, koleti za mashine hii zinapatikana? Mashine nyingi za zamani zina koleti za aina yake peke yake. Ikivunjika moja, mashine imekuwa meza. Afadhali mashine ndogo yenye koleti za kawaida kama ER, ambazo watengenezaji wengi hufuata kipimo kimoja, kuliko kubwa isiyo na mwenzake. Wala msinunue seti nzima kwa tamaa. Andikeni vipimo vya biti mnazotumia kila siku. Kwa maseremala wengi ni viwili au vitatu tu. Nunueni hivyo vilivyo vizuri, na pesa zinazobaki zirudi kwa mweka hazina.

Mwisho wa habari ya kijana

Tulianza na kijana, tumalize naye.

Jioni ile ile baada ya biti kutoboa mabati, watu watatu wa kamati walikwenda nyumbani kwao. Walibeba shilingi 3,000, ile biti, na ile koleti. Mama yake alitukaribisha chai, lakini hatukuweza kunywa kabla ya kusema. Tulimwonyesha kijana vipimo kwa kalipa. Tulimwambia mbele ya wazazi wake, "Ulisema kweli. Ulikuwa umekaza. Sisi ndio tuliokuwa hatujasoma."

Alizishika zile pesa, akaitazama koleti kwa muda. Akauliza, "Hii mmepanga kuitupa?"

Tukasema ndiyo.

Akasema, "Mbaya ni nini? Ni ya nusu inchi, na inajua ni ya nusu inchi. Nunueni biti za nusu inchi."

Alirudi kazini Jumatatu. Milango ilimalizika, ikachelewa siku tisa, na fremu mbili tulizilipa sisi wote kutoka mfukoni, kila mtu sehemu yake. Kwenye kitabu cha kamati tulifuta neno "uzembe" na kuandika kando yake tarehe na sababu, ili atakayesoma baadaye ajue.

Yule kijana ndiye aliyetengeneza lile boksi mnaloliona ukutani. Lina vyumba viwili. Kimoja amekipaka rangi nyekundu, ni cha inchi. Kingine cha buluu, ni cha milimita. Kila koleti na kila biti ina nafasi yake, na shina la kila biti limewekewa tone la rangi ileile. Hata mtu asiyejua kusoma anaweza kulinganisha nyekundu na nyekundu. Sheria ya karakana ni kwamba kazi ikiharibika, kabla ya kumwuliza mtu, tunapima mshiko kwanza.

Lile tundu la mabati hatujaliziba. Mkitoka, litazameni. Liko upande wa kushoto wa mlango.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika karakana yetu, ni nani anayejua vipimo vya koleti tulizo nazo? Je, vimeandikwa mahali?
2. Je, tumewahi kumlaumu au kumkata mtu pesa kwa kosa ambalo huenda lilikuwa la chombo? Tunaweza kulirekebisha vipi?
3. Tukinunua mashine, ni nani kati yetu ataikagua, na atakwenda na kipimo gani mkononi?